Gari la Kaka Lililochemka Kila Mlima

Wasifu wa kaka yangu uliosomwa siku ya maziko ulikuwa mfupi. Ulisema alizaliwa, akasoma, akaoa, akawa dereva mwaminifu wa kampuni ya utalii, akaugua, Bwana akamtwaa. Msomaji alikuwa na haraka kwa sababu mawingu yalikuwa yameshakusanyika, na mimi simlaumu. Lakini neno dereva limeacha mengi nje, na yaliyoachwa nje ndiyo yaliyokuwa kaka yangu.

Mjini hakuna aliyemwita dereva. Walimwita Kifagio. Kampuni aliyoifanyia kazi huleta wageni wanaokuja likizo kupanda milima kwa baiskeli. Sijakosea kuandika. Watu wazima, wenye kazi nzuri na magari majumbani kwao, huchukua likizo, hulipa, kisha hukanyaga baiskeli kutoka mjini kwetu hadi juu kabisa, pale ambapo barabara inapita katikati ya vilele viwili. Wakifika huko huteremka upande wa pili, hulala, na kesho yake hurudi. Hayo wao huyaita kupumzika. Mwanzoni tulishangaa, halafu tukazoea, maana mtu huzoea hata kuishi jirani na mashine ya kusaga.

Nyuma ya wageni hao hufuata basi dogo lenye keria ya kufungia baiskeli juu. Kazi yake ni kuwazoa waliobaki nyuma, ndiyo maana ya Kifagio. Mimi kazi yangu ilikuwa kufua nguo zao, na bado nazifua. Kaptula zao hubana kama ngozi, na mahali pa kukalia pana sponji nene, kigodoro kamili. Siku ya kwanza nilipozipokea nilidhani ni nguo za wagonjwa, nikaziombea kabla ya kuziloweka.

Kaka alikuwa mrefu, mwembamba, na uso wake haukubadilika. Uso alioenda nao harusini kwake ndio ule ule aliokuja nao msibani kwa mama. Watoto wakimchekesha alikuwa anasema, "Nimecheka," nao wanaridhika.

Siku moja ilinipasa kupeleka mataulo kwenye nyumba ya wageni iliyo upande wa pili wa mlima, nikapanda gari lake. Wageni wa siku hiyo walikuwa ofisi moja nzima, Mkurugenzi na wafanyakazi wake. Wazo la likizo lilikuwa la Mkurugenzi mwenyewe. Tulipofika kwenye kona za juu wafanyakazi wake walishapotelea mbele, na yeye tulimkuta amesimama ukingoni, mikono kiunoni, anatazama bonde. Alilitazama kama mtu anayetaka kulinunua. Ukungu ulikuwa umelifunika lote.

"Kaka, huyu amekwisha," nikasema. "Mwambie apande."

"Nyamaza," akasema, akampita bila hata kumtupia jicho.

Alisimama mbele kidogo, penye upana, akashuka, akafungua boneti. Akaweka mikono nyuma akaitazama injini kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Mimi nilimwona Mkurugenzi kwenye kioo. Alikuwa anakuja kwa miguu, anaisukuma baiskeli. Alipotuona akaipanda tena, ili atufikie akiwa juu yake.

"Vipi dereva, kuna nini?"

"Linachemka, mkuu."

"Aa! Pole."

"Ndiyo hivyo. Gari la watu."

"Maji umeweka?"

"Nimeweka. Sasa hili linataka kwenda polepole, na mtu wa kuangalia mshale wa joto. Mimi macho yangu yako kwenye kona. Ninaye dada yangu hapa, lakini yeye kila kona anafumba macho anasali."

"Ni kweli," nikasema, maana hilo halikuwa uongo.

Mkurugenzi akatazama barabara iliyobaki. Ilikuwa inapanda, inapinda, halafu inapanda tena.

"Huo mshale uko wapi?"

"Ukikaa mbele utauona vizuri, mkuu. Ila sitaki kukuharibia safari yako."

"Usalama kwanza," Mkurugenzi akasema. "Ipandishe baiskeli."

Mimi nikahamia nyuma na mataulo yangu. Mkurugenzi hakuuondolea macho ule mshale njia nzima. "Uko katikati," anasema. Kaka anamjibu, "Asante, mkuu." Baada ya kona nyingine, "Bado katikati!" Kaka anamwambia, "Ukipanda uniambie." Naye anasema, "Haupandi. Endelea hivyo hivyo, unaendesha vizuri sana."

Mshale ule ulikufa kabla kampuni haijalinunua gari. Ulikuwa katikati hata ufunguo ukiwa nyumbani umetundikwa kwenye msumari.

Kule juu wafanyakazi walikuwa wamekaa kwenye mawe wanamsubiri. "Heee, bosi! Gari tena?" mmoja akasema.

"Nyie chekeni tu. Wenzenu tulikuwa na dharura huko chini. Muulizeni dereva."

"Bila yeye tusingefika," kaka akasema, na uso wake ule ule.

Tulipobaki wawili garini, nilimsema njia nzima ya kuteremka. Sisi tumelelewa katika nyumba ya sala, baba yetu alikuwa mzee wa kanisa, na uongo kwetu ulikuwa unachapwa. Nikamwambia, "Kaka, Mungu anakuona."

"Anaona na mlima vilevile."

"Umemdanganya mtu mzima."

"Nimesema linachemka. Injini gani haichemki?"

"Na mshale je?"

"Nimemwomba auangalie. Sijasema unafanya kazi." Akabadilisha gia. "Sikiliza, dada. Ukimwambia mtu panda, umemwambia ameshindwa. Hapandi. Atakufa juu ya baiskeli yake ukiwa unamtazama. Lakini ukimwomba akusaidie, anapanda mwenyewe, na kesho asubuhi unamkuta mezani anakunywa chai na wenzake. Wewe ungefanyaje?"

Nikamwambia ningeomba. Akasema sawa, na mimi niombe, yeye atafungua boneti, tuone nani atafika juu kwanza.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi miaka yote. Matokeo yake wageni walipoondoka waliacha maoni mazuri juu ya kila kitu isipokuwa gari. Chakula kizuri, vitanda visafi, dereva ana subira, lakini jamani badilisheni gari. Mwenye kampuni ni mama mmoja mchapakazi ambaye sote tunamwita Mama Kampuni. Aliyasoma maoni hayo, akaumia, akamwambia fundi atengeneze. Fundi, rika la kaka na rafiki yake, akabadilisha rejeta. Gari likachemka. Akabadilisha pampu ya maji. Likachemka. Mwishowe Mama Kampuni akanunua gari jipya kabisa, lenye harufu ya duka, na la zamani likawekwa gereji kama akiba.

Wiki ile ile gari jipya likachemka.

Aliitwa ofisini. Mama Kampuni alimwambia kwamba sasa ameelewa, tatizo halikuwa gari, tatizo ni mtu anayeua magari. Kaka angeweza kujieleza kwa maneno machache tu. Alisema, "Samahani, mama, nitajitahidi." Nilipomuuliza kwa nini alikubali kuitwa muuaji wa magari, akaniambia bora lawama kuliko fedheha. Lawama ni yake mmoja, lakini fedheha ingekuwa ya wale wote waliowahi kuangalia mshale.

Kesi hiyo iliisha bila hukumu. Mama Kampuni aliamua kupanda mlima mwenyewe kwa baiskeli, aone wageni wanapata huduma gani. Hakuwahi kuupanda kabla. Kwenye kona za juu gari likampita, likasimama, boneti ikafunguka. Mama Kampuni akafika, amebadilika rangi, akaitazama injini ya gari lake mwenyewe, jipya, alilolilipia.

"Linachemka, mama," kaka akasema.

Fundi, ambaye alikuwemo garini siku hiyo, anasema Mama Kampuni aliitazama barabara iliyobaki juu yake. Kisha akauliza, "Mshale naangalia upande gani?"

Habari za rejeta hazikusikika tena katika ofisi ile.

Sasa nifike kwenye ugonjwa. Ulianza miguuni. Ilivimba, akaacha kufunga kamba za viatu. Wifi yangu, mke wake, ni mwanamke wa maneno ya wazi, akamuuliza kuna nini.

"Viatu vya siku hizi vinasinyaa," akasema.

"Na choo nacho kimesogea? Maana ukienda unarudi unahema."

"Kimesogea kidogo."

Baadaye akawa halali kitandani. Akilala chali anakosa pumzi, kwa hiyo alikaa kwenye kiti cha sebuleni, ameegemea mto, miguu juu ya stuli, akasema anapenda kuangalia mlango. Daktari wa zahanati alimpima, akaandika rufaa ya kwenda hospitali kubwa ng'ambo ya mlima. Akatuambia mimi na wifi pembeni kwamba ni moyo, dawa zipo, ila mgonjwa afikishwe wiki hii hii. Wiki ijayo asingetuahidi kitu.

Kaka akasema ataenda msimu ukiisha.

"Msimu utaisha wewe hupo!" wifi akamwambia.

"Basi kutakuwa na nafasi zaidi garini."

Tulijaribu kila njia. Wifi alilia, akanuna, akalia tena. Mama Kampuni alikuja mwenyewe, akamwambia gari lipo, dereva yupo, aseme siku tu. Akamjibu, "Mama, mimi ndiye ninayebeba watu. Sibebwi." Mimi nilifunga na kuomba. Nilimwambia Mungu waziwazi kwamba huyu ndiye ndugu pekee uliyeniachia, na kama ni kumfundisha unyenyekevu, mfundishe taratibu, na umfundishie hospitalini. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia na hilo pia. Akasema wahenga wenyewe wamekufa wote.

Mchungaji alikuja. Waliomba pamoja vizuri, kaka akasema amina kwa sauti, na kwa adabu akamsindikiza mgeni hadi getini. Lakini hakurudi ndani. Nilichungulia dirishani nikamwona amekaa kwenye kizingiti cha geti, anasalimia wapita njia. Aliwasalimia waliokuwa wanaenda sokoni. Nikapika, nikamaliza, nikachungulia tena. Alikuwa anawasalimia wale wale wakirudi sokoni.

Nikamkumbuka Mkurugenzi na bonde lake. Nikavua aproni nikavuka barabara, nikaenda gereji kwa fundi.

"Nataka gari la zamani kesho asubuhi," nikamwambia. "Lisimame mbele ya geti letu. Ufungue boneti."

Fundi akaniangalia, akaweka spana chini. "Dada. Wewe? Wewe uliyenitenga mwezi mzima kwa sababu nilisema nipo njiani kumbe nipo kitandani?"

"Usiniongezee mzigo. Unaleta gari au huleti?"

"Naleta."

Usiku ule sala yangu ilikuwa fupi. Nilisema, Bwana, kesho unitazame kwa jicho moja.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Kaka alikuwa kwenye kizingiti chake, blanketi mabegani. Gari la zamani likavuka barabara, likasimama mbele yake, fundi akashuka, akafungua boneti, akatia mikono mfukoni, akaanza kupiga mluzi. Katika maisha yangu sijaona mtu anayedanganya vibaya kuliko yule.

"Kuna nini?" kaka akauliza.

"Linachemka."

"Umelitoa wapi?"

"Gereji."

Kaka akatazama gereji. Ilikuwa pale, ng'ambo ya barabara, mlango wazi.

"Limechemka kutoka pale mpaka hapa."

"Ni hili jua," fundi akasema, maji ya mvua yakimtiririka puani.

Nikaona mambo yanaharibika, nikatoka. Kaka akanitazama toka juu hadi chini. "Na wewe umevaa viatu vya kanisani siku ya Jumatano."

"Namsindikiza fundi. Anafuata spea ng'ambo ya mlima."

"Na hicho kibegi?"

"Vitu vyangu."

Kibegi kilikuwa chake, na mguu wa pajama yake ulikuwa unachungulia kwenye zipu. Kaka aliuangalia mguu ule wa pajama. Wifi alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa hasemi neno.

"Sasa, kaka," fundi akasema, "hili gari wewe ndiye unalijua. Mimi macho yangu yatakuwa kwenye kona. Nahitaji mtu wa kuangalia mshale."

Mvua ilinyesha. Kaka aliitazama boneti, akamtazama fundi, akanitazama mimi, dada yake niliyemhubiria miaka yote. Uso wake ulikuwa ule ule.

"Umefungua boneti vibaya," akasema mwishowe. "Hukuweka fimbo yake. Itakukata shingo."

Akasimama. Alishika geti, akashika ubavu wa gari, akafika mbele, akaipachika ile fimbo mwenyewe. Kisha akaegemea pale akaitazama injini baridi kwa muda.

"Kweli," akasema. "Limechemka."

"Si nilikwambia," fundi akasema.

"Nitawasaidia. Lakini ni mlima tu. Tukifika juu nashuka. Mama watoto, niletee koti."

Koti lilikuwa mkononi mwa wifi tayari. Alimvalisha, akamfunga vifungo vyote hadi cha shingoni, na kaka akamwacha afunge.

Tukaondoka. Kaka alikaa mbele, mimi nyuma na kibegi. Alikuwa anapumua kwa mdomo, na kila baada ya kona anasema, "Uko katikati." Fundi anajibu, "Asante, kaka." Mimi sikufumba macho hata kona moja. Nilikuwa nahesabu pumzi zake.

Wageni wa kampuni walikuwa barabarani siku ile. Waliotangulia tuliwapita. Kwenye kona za juu tukamkuta mwanamke mmoja wa makamo anatembea, anaisukuma baiskeli kwenye mvua.

"Simama pale penye upana," kaka akasema.

"Kaka, tunachelewa. Gari lenu jipya linakuja nyuma, litamchukua."

"Dereva wake ni mgeni kazini, atamwambia panda. Simama. Boneti."

Fundi akasimama, akashuka na kufungua boneti, safari hii akaweka fimbo. Yule mwanamke akatufikia. Kaka akateremsha kioo, akajikaza, akaanza. "Samahani, mama. Gari linachemka. Tunataka mtu…"

Pumzi ikakatika, hakumaliza. Mwanamke akamtazama, akamtazama fundi, akaitazama mvua inavyogonga injini.

"Kaka yangu," akasema, "hata lingekuwa linawaka moto ningepanda. Nimechoka. Huu mlima umenishinda. Fungeni hiyo boneti twende."

Akafungua mlango mwenyewe, akakaa kando yangu, akavua kofia yake ngumu, maji yakamwagika kwenye viatu vyangu vya kanisani. Fundi alibaki nje ameshika baiskeli ya watu, hajui kinachofuata ni nini. Katika gari lile hakuna aliyewahi kusema maneno hayo. Hata mimi sikujua mtu akiyasema kinatokea nini. Hakikutokea kitu. Fundi akaifunga baiskeli kwenye keria, tukaondoka.

"Mnaenda wapi wenzangu?" mwanamke akauliza.

"Hospitali," kaka akasema haraka. "Tunampeleka dada yangu. Hajisikii vizuri, na anaogopa madaktari."

Mwanamke akanigeukia. Mimi nikakohoa.

Sijui ni nani aliyenifundisha. Nilikohoa kikohozi kizuri tu, cha kifuani. Yule mwanamke akanishika mkono kwa mikono yake miwili ya baridi.

"Usiogope, mama," akasema. "Kuogopa tunaogopa wote. Mimi nimekuja na dada zangu, wao wako mbele huko. Asubuhi niliapa nitafika juu kwa miguu yangu. Sasa nitafika nimekaa, watanicheka, nitakunywa chai, basi. Mtu hafi kwa kusema nimeshindwa. Anakufa kwa kunyamaza."

"Ahsante," nikasema, nikakohoa tena.

Kaka hakugeuka. Aliacha kutangaza mshale.

Kule juu dada zake walikuwepo kweli, na walimcheka kweli. Alishuka akicheka nao, akanipungia mkono, akaniambia nipate nafuu. Fundi akazima injini akangoja. Hapo ndipo kaka alipokuwa amesema atashuka. Tulikaa tunasikiliza mvua juu ya bati la gari. Mimi niliomba bila kufungua mdomo.

"Umezima ya nini?" kaka akasema. "Unamaliza betri."

Fundi akawasha.

Hospitalini kuna meza ya mapokezi, na nyuma yake muuguzi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tulisimama mbele yake watatu, tumelowa, kibegi kimoja. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Mgonjwa ni nani?"

Fundi akatazama sakafu. Mimi nikavuta pumzi nikohoe, maana kama ingebidi nilazwe mimi kwanza ili yeye apate kuingia, nilikuwa tayari kulazwa.

"Mimi," kaka akasema. "Huyu dada yangu ni mzima. Nimechoka. Tafadhali naomba kiti."

Wakamletea kiti cha magurudumu. Akakaa. Alipoanza kusukumwa akageuka kidogo akamtazama aliyekuwa anamsukuma, kama dereva anavyomtazama dereva mwingine, kisha akaacha kumtazama.

Daktari alimweleza kwamba moyo umetanuka, unafanya kazi kupita uwezo wake. Kaka akauliza, "Ndiyo kusema unachemka?" Daktari akafikiri, akasema unaweza kuiweka hivyo. Kaka akatugeukia. "Mmesikia. Safari hii ni kweli." Akaongeza, "Nimecheka."

Walimtoa maji mwilini, wakampa dawa, viatu vikarudi ukubwa wake. Alirudi nyumbani akalala kitandani kwake, amelala kama watu. Mungu alituongezea msimu mmoja na nusu ya mwingine. Hakuendesha tena. Aliketi getini, na mtu akimuuliza hali alikuwa anajibu "Leo nimechoka" au "Leo sijambo," lolote lililokuwa kweli. Wengine walishtuka. Wamezoea kuuliza, hawajazoea kujibiwa.

Alituaga asubuhi, wifi akiwa anamkoroga uji. Hakuomba kitu. Alisema uji usiwe mzito, na wifi alipogeuka na kikombe, alikuwa amekwenda.

Tulimzika kwenye makaburi ya kanisa, ambayo yako juu ya mteremko mkali kuliko inavyofaa kwa wafiwa. Wageni wawili watatu waliokuwa mjini kwa likizo walikuja na kaptula zao zile zile, nyeusi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hawakuvaa kimsiba. Watu walinishika mkono wakaniambia jikaze. Nilijikaza. Wakaniuliza hali, nikasema namshukuru Mungu. Nilisema hivyo kwa kila mtu, siku zote za msiba.

Watu walipokwisha kutawanyika, nikaenda makaburini peke yangu kupanga maua yaliyoangushwa na upepo. Kurudi nilianza kushuka vizuri, halafu kuna ile sehemu ambapo njia inapanda tena kabla ya kufika barabara kuu. Hapo nikasimama, mikono kiunoni, nikawa naangalia paa za nyumba za watu.

Gari la zamani likanipita. Fundi hata hakunitupia jicho, sasa ndiye Kifagio. Likasimama mbele, penye upana. Boneti ikafunguka, fimbo ikawekwa. Akaweka mikono nyuma akaitazama injini.

Nikamfikia.

"Linachemka, dada," akasema bila kugeuka. "Nilikuwa nataka mtu wa…"

"Funga boneti," nikamwambia. "Nimechoka."

Akafunga. Nikapanda mbele, kiti alichokalia kaka siku ya hospitali. Fundi akawasha, akasubiri kidogo kabla ya kuingiza gia, hakuniambia nijikaze. Mshale ulikuwa pale pale, katikati. Niliuangalia mpaka nyumbani.